Bastola moja, mkono mmoja: historia ya silaha fupi Katanga, kutoka Bunkeya hadi leo

LUBUMBASHI – Kila mwaka tarehe 20 Desemba Wayeke hukusanyika Bunkeya, leo ndani ya jimbo la Lualaba, kumkumbuka mfalme wao Msiri aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Mengi husemwa juu ya kifo kile: shaba, bendera, tamaa ya mfalme Leopold wa Pili, na mbio kati ya watu wake na Waingereza wa kampuni ya Cecil Rhodes. Silaha iliyotumika hutajwa upesi upesi tu. Ilikuwa rivolva, bastola ya kushika kwa mkono mmoja, na tangu siku ile hadi uhuru silaha ya namna hiyo ilibaki upande mmoja wa historia ya Katanga. Anayetaka kujua kwa nini watu hapa bado wanaogopa bastola kiunoni mwa mtu asiyeizoea, aanzie hapo.

Msafara uliofika Bunkeya katikati ya Desemba 1891 uliongozwa na kapiteni William Grant Stairs, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akimtumikia Leopold. Askari na wapagazi wake wengi walitoka pwani ya Zanzibar na bara yake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichosikika njia nzima. Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera bila ruhusa ya mfalme. Msiri akahamia kijiji cha Munema, penye boma. Kesho yake kapiteni Omer Bodson, Mbelgiji, na Mfaransa Christian de Bonchamps wakatumwa na askari kwenda kumchukua. Kwa masimulizi ya msafara wenyewe, Bodson aliingia ndani na watu wachache, maneno yakawa makali, Msiri akachomoa upanga, na Bodson akafyatua rivolva mara tatu. Mfalme akaanguka. Papo hapo mtu wa Msiri akampiga Bodson risasi ya tumbo, naye akafa.

Walinzi wa Msiri walikuwa wengi kuliko watu wa Bodson, na walikuwa na bunduki. Lakini zilikuwa bunduki gani? Ufalme wa Wayeke ulinunua magobore na baruti kwa pembe za ndovu, shaba na watumwa, kwa njia mbili: wafanyabiashara wa Benguela kutoka magharibi, na watu wa pwani ya Waswahili kutoka mashariki. Kila msafara wa biashara ulileta ulichopata. Gobore halina pupa: kumimina baruti, kushindilia, kutia goroli, kushindilia tena, kuweka fataki au kuangalia jiwe la cheche, ndipo ulenge. Na Desemba huku ni mwezi wa mvua, baruti inashika unyevu.

Hata hivyo aliyempiga Bodson hakukosa. Hilo linafaa kukumbukwa na wanaodhani silaha mpya peke yake hushinda. Mtu aliyeishi na gobore moja miaka mingi hujua linavuta upande gani, linapenda baruti kiasi gani, linachelewa kuwaka kiasi gani. Mwindaji wa vijijini wa leo mwenye pupu, ile bunduki inayofuliwa na mafundi wetu wenyewe, anaweza kueleza jambo hilo vizuri kuliko kitabu chochote cha jeshi. Pupu ya jirani yake hataki hata kuigusa.

Wabelgiji walilielewa jambo hilo mapema, na wakalifanya kuwa kanuni. Mwaka 1889 kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, kwa kazi moja maalumu: kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Jeshi zima, bunduki ya aina moja. Huku Kongo, askari wa Force Publique walibaki miaka mingi na Albini, bunduki ya risasi moja moja ambayo Ubelgiji wenyewe ulikuwa unaiacha. Ilikuwa dharau, hakuna haja ya kuficha. Lakini mkataba wa askari ulikuwa wa miaka saba, na miaka saba na aina moja ya bunduki humfundisha mtu mambo ambayo hakuna ofisa angeweza kumfundisha kwa maneno. Askari hao, wengine wakiwa wametoka Katanga, ndio walioingia Tabora mwezi wa Septemba 1916 katika vita na Wajerumani, na ndio waliopigana hadi Saïo, Uhabeshi, mwaka 1941. Kwa upande wa bunduki ndefu, Force Publique ilikuwa jeshi lililofunzwa.

Bastola ilikuwa habari nyingine. Ilikaa kiunoni mwa ofisa, na maofisa wote walikuwa Wazungu. Askari Mkongo aliifahamu kwa kuitazama.

Bastola yenyewe ina historia yake Herstal. Mwaka 1897 FN ilikubaliana na Mmarekani John Browning atoe michoro, kiwanda kitengeneze. Kazi hiyo ilizaa bastola ya mwaka 1900 na nyingine zilizofuata. Browning alifariki papo hapo Herstal tarehe 26 Novemba 1926, akiacha kazi ya bastola mpya haijaisha. Mbelgiji Dieudonné Saive aliiendeleza, na mwaka 1935 jeshi la Ubelgiji likaipokea kwa jina la Grande Puissance, yaani yenye nguvu kubwa. Kwa kifupi: GP. Ilibeba risasi 13 za milimeta 9, wakati bastola nyingi za siku hizo zilibeba saba au nane. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940 waliendelea kuitengeneza kwa ajili yao, na Kanada nayo ikaitengeneza Toronto, katika kiwanda cha Inglis, kwa ajili ya maadui wa Wajerumani. Vita ile ile, bastola ile ile, pande mbili.

GP ikawa bastola ya majeshi mengi ya dunia, Kongo ikiwemo, na jambo lililowapendeza wakufunzi ni hilo la kuwa moja. Bastola ndiyo silaha ngumu kuliko zote ndogo kuitumia vizuri. Mtutu ni mfupi, haina kitako cha kuegemeza begani, na alama mbili za kulengea zimekaribiana mno. Kidole kikisukuma kifyatulio kando kidogo tu, hesabu ya milimeta mkononi inakuwa hesabu ya nusu mita huko mbele, na huko mbele kuna mtu ambaye hakukusudiwa. Dawa pekee iliyojulikana ni kurudia: mshiko ule ule, uzito ule ule wa kifyatulio, kuchomoa kule kule kwenye mkoba wa ngozi, hadi mwili ufanye bila kuulizwa. Anayebadilisha bastola kila mwaka anaanza upya kila mwaka.

Mkaaji wa Lubumbashi hahitaji kwenda kambini kuelewa hili. Barabara zetu ni za kupita kulia, lakini magari mengi yaliyoingia kupitia Kasumbalesa yana usukani wa kulia, yametoka Japani. Dereva aliyezoea gari la Ulaya akikaa kwenye gari la Japani, siku ya kwanza anataka kuwasha taa ya kona, kumbe amewasha vifuta mvua, jua linawaka. Watu wanacheka. Siku ya tatu amezoea. Lakini siku gari lingine likimjia ghafla, mkono unarudi kwenye desturi ya zamani. Hofu huita kilichofundishwa kwanza.

Kwenye bastola vifuta mvua havipo. GP ina kifungo cha usalama upande wa kushoto, penye kidole gumba: ukikishusha, silaha iko tayari kupiga. Beretta 92 ya Waitalia ina kifungo juu zaidi, na mwendo wake ni kinyume: kukishusha ni kuifunga silaha, kukipandisha ni kuifungua. Tokarev ya Warusi, katika umbo lake la kwanza, haina kifungo hicho kabisa. Kuna hatua ya nusu tu ya nyundo. Glock haina kifungo cha kidole gumba, ulinzi wake umefichwa ndani ya kifyatulio chenyewe. Mtu aliyefunzwa vizuri kwa mojawapo, ukimpa nyingine katika hatari, gumba lake litafanya kazi ya silaha ile asiyo nayo.

Na kuna tofauti moja inayoua hata pasipo adui. GP iliundwa isiweze kufyatua kama kasha la risasi limechomolewa. Risasi inaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, lakini bila kasha mahali pake, kifyatulio hakifanyi kitu. Askari aliyekulia na GP peke yake huweza kujenga desturi mbaya bila kujua: anatoa kasha, anavuta kifyatulio kuhakikisha, kimya, anaiweka mezani. Wakufunzi wazuri walikataza desturi hiyo tangu mwanzo. Waliosema bastola ifunguliwe na chemba itazamwe kwa jicho walikuwa na sababu. Kwa maana siku mtu huyo akishika Tokarev, akatoa kasha, akavuta kifyatulio kuhakikisha, risasi iliyobaki ndani inatoka. Mwendo ule ule wa mkono, matokeo mawili. Aliyekaa upande wa pili wa meza haulizwi.

Hali ilikuwa hiyo mwaka 1960. Usiku wa kuamkia uhuru Force Publique ilikuwa na askari wapatao 25,000, na hakuna Mkongo hata mmoja aliyekuwa ofisa. Ngazi ya mwisho kwao ilikuwa ajida. Tarehe 5 Julai jenerali Émile Janssens aliwaandikia askari ubaoni, kule Léopoldville, kwamba hakuna kitakachobadilika baada ya uhuru. Jioni hiyo hiyo uasi ukaanza. Kesho yake serikali ya Lumumba ikampandisha kila askari ngazi moja. Siku mbili baadaye jeshi likabadilishwa jina, na Victor Lundula, burgomesta wa Jadotville, yaani Likasi ya leo, aliyewahi kuwa askari wa Force Publique wakati wa vita vikuu vya pili, akawa jenerali na kamanda wa jeshi zima. Joseph Mobutu, aliyeacha jeshi akiwa na ngazi ya sajenti, akawa kanali.

Usiku wa tarehe 9 Julai uasi ukafika Élisabethville, Kambi Massart. Wazungu kadhaa waliuawa mjini, miongoni mwao makamu wa konsula wa Italia. Tarehe 10 askari wa miavuli wa Ubelgiji wakatua, na tarehe 11 Moïse Tshombe akatangaza Katanga kujitenga.

Mengi yameandikwa juu ya siku hizo kwa upande wa siasa. Kwa upande wa silaha jambo ni dogo lakini zito. Ndani ya wiki moja, ngazi zilizochukua Wabelgiji miaka 70 kuzifungia zilifunguka, na pamoja na ngazi ikaja bastola. Hili lilikuwa haki. Mkongo aliyehudumu miaka 15 hakupaswa kufa ajida. Ila ngazi inaweza kupewa kwa tangazo la redio, mkono hauwezi. Kosa si la waliopandishwa. Kosa ni la waliokataa kuwafundisha kwa miaka yote ile, halafu wakageuka kuwacheka kwa kutojua. Kama ofisa Mkongo wa kwanza angefunzwa mwaka 1940, angekuwa na miaka 20 na bastola ile ile kabla ya uhuru, na angekuwa amekwisha kuwafundisha wengine.

Katanga iliyojitenga ikaunda jandarmeri yake chini ya uongozi wa Wabelgiji, meja Crèvecoeur akiwa mbele, Norbert Moke akiwa Mkatanga wa juu kwenye amri, na mamluki wakafuata. Silaha za Ubelgiji ndizo zilizotawala mwanzoni, GP ikiwemo. Mwezi wa Septemba na Desemba 1961 mji ukajaa majeshi ya Umoja wa Mataifa: Waswidi, Wairishi, Wahindi, Wahabeshi, kila kikosi na silaha za kwao. Vikosi vikiondoka hubeba vyao. Vita ikiondoka huacha vyake. Baada ya Januari 1963, kujitenga kulipokwisha, sehemu ya jandarmeri ilivuka kwenda Angola na kurudi ikiwa na silaha nyingine kabisa, Machi 1977 na Mei 1978, siku za vita vya Shaba.

Wakati wa Mobutu ndipo mchanganyiko ulipokuwa desturi ya serikali yenyewe. Mobutu alipenda kuwa na wafadhili wengi ili asishikwe na mmoja. Wabelgiji, Wamarekani, Wafaransa, Waisraeli, Wachina, Wakorea Kaskazini waliounda divisheni ya Kamanyola: kila mmoja alifundisha kikosi chake kwa namna yake, na kila mmoja alikuja na masanduku yake. Kisiasa ilikuwa akili. Kwa askari ilikuwa hasara, kwa sababu kikosi cha Mchina na kikosi cha Mbelgiji havikuweza kupeana hata risasi. Waliosema wana "milimeta 9" hawakuwa wakisema kitu kimoja: risasi ya GP ina urefu wa ganda wa milimeta 19, ya Makarov ya Warusi ina 18 na ni nene kidogo zaidi. Kwenye karatasi ya ghala zote ni 9. Tokarev nayo hutumia ya 7.62. China na Korea Kaskazini zote mbili zilitengeneza Tokarev za kwao, na za Korea zina mabadiliko yake. Mshika mawili moja humponyoka. Jeshi la Zaïre lilishika sita.

Tarehe 9 Aprili 1997 AFDL iliingia Lubumbashi na vijana wake, makadogo, wengi wakiwa na Kalashnikov, silaha isiyodai shule ndefu. Hapo ndipo watu wengi mjini walipoanza kudhani kwamba kila silaha ni hivyo: kushika na kufyatua. Kalashnikov ina kitako, ina uzito, inasamehe. Bastola haisamehe. Aliyejifunza vita kwa Kalashnikov, akapandishwa cheo na kupewa bastola kama alama ya ukubwa, anaibeba kwa fahari na hajawahi kupiga kasha moja la risasi kwenye shabaha. Zamani mkoba wa bastola ulimtambulisha Mzungu. Sasa unamtambulisha mkubwa. Katika nyakati zote mbili ulionyeshwa zaidi kuliko ulivyozoezwa.

Wakaaji wa Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba wanaosikia milio usiku hawahitaji kujua jina la silaha iliyolia. Wanachojua ni kwamba anayemfukuza mwizi uchochoroni akiwa anahema, na silaha aliyopewa mwezi uliopita badala ya ile aliyoizoea, ana nafasi kubwa zaidi ya kumkosa mwizi kuliko kumpata. Mazoezi yanahitaji risasi, risasi zinahitaji bajeti, na bajeti ya aina nne za bastola inagawanyika mara nne. Polisi mwenye aina moja ya bastola, ya kizamani na iliyochakaa rangi, lakini anayeifyatulia shabaha kila mwezi, ni salama kwa jirani kuliko mwenye mpya inayong'aa.

FN ilisimamisha utengenezaji wa GP mwaka 2018, baada ya zaidi ya miaka 80. Zile za zamani bado zinazunguka, zingine zimepita mikono ya serikali tatu. Mwaka 2022 kiwanda hicho kikatoa bastola mpya kwa jina lile lile la zamani, High Power, kwa umbo linalofanana, na risasi 17 badala ya 13. Kifungo cha usalama kimewekwa pande zote mbili. Ile kinga ya kasha imeondolewa: kasha likitoka, risasi iliyobaki ndani ya chemba inaweza kufyatuka.